Septemba ya Notre Dame na Uzito wa Vipigo vya Mapema

Timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Notre Dame huanza msimu mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba ikiwa na mechi 12 tu za kujipatia nafasi ya kuwania ubingwa wa Marekani. Klabu ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara hucheza mechi 30, na ya Ligi Kuu ya Uingereza 38. Huko, vipigo viwili vya mwezi wa kwanza vina muda mrefu wa kufidiwa. Katika futiboli ya vyuo, mechi mbili ni sehemu ya sita ya msimu mzima. Ndiyo maana hatima ya timu huanza kujadiliwa wiki ya pili tu, na ndiyo maana mjadala huo hukosea mara nyingi: ushahidi bado ni mchache, ilhali kila tokeo lina uzito mkubwa.

Mambo mawili huchanganywa kila Septemba: ubora wa timu na rekodi ya timu. Tokeo la mapema hueleza machache kuhusu ubora, kwa sababu timu bado inajengwa. Kwenye rekodi, tokeo hilohilo huandikwa zima, halipunguzwi hata kidogo kwa kuwa lilipatikana mapema, na hubaki hapo mpaka Desemba. Notre Dame ya 2024 na Notre Dame ya 2025 zinaonyesha tofauti hiyo kwa uwazi usio wa kawaida. Ya kwanza ilifungwa nyumbani na timu ambayo karibu kila mtu aliamini haiwezi kuifunga, kisha ikafika fainali. Ya pili ilipoteza mechi mbili za kwanza kwa jumla ya pointi nne, ikashinda kumi mfululizo, na ikaachwa nje ya mtoano.

Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1842 kaskazini mwa jimbo la Indiana, kando ya mji wa South Bend, na mapadre wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika ambalo leo lina wamisionari pia Uganda, Kenya na Tanzania. Uwanja wake ulifunguliwa mwaka 1930 na sasa unachukua watazamaji zaidi ya 77,000. Timu inajihesabia mataji 11 ya taifa, la mwisho likiwa la 1988, na ukame huo wa miaka mingi ndio unaoufanya kila mwanzo wa msimu kuwa na presha kubwa. Lakini jambo linaloitofautisha zaidi Notre Dame na wapinzani wake wakubwa ni kwamba haina ligi. Alabama na Georgia wako SEC, Ohio State na Michigan wako Big Ten. Notre Dame hupanga ratiba yake yenyewe, ina mkataba wake wa televisheni na NBC tangu 1991, na tangu 2014 hucheza na takriban timu tano za ligi ya ACC kila mwaka bila kuwa mwanachama wa ligi hiyo katika futiboli.

Uhuru huo una faida zake za fedha na heshima. Gharama yake huonekana Desemba. Timu za ligi kubwa zinazofanya vizuri hupata mechi ya ziada ya kuwania ubingwa wa ligi, na bingwa anaweza kuingia mtoano hata akiwa na rekodi yenye madoa. Notre Dame humaliza kazi yake wikiendi ya mwisho ya Novemba, kisha hukaa na kutazama wengine wakicheza. Haina kombe la ligi la kufutia kosa la Septemba.

Mtoano wa taifa ulianza na timu nne katika msimu wa 2014 na kupanuliwa hadi timu 12 msimu wa 2024. Kamati ya uteuzi hutoa orodha yake ya kwanza mapema Novemba na ya mwisho mwanzoni mwa Desemba, baada ya mechi za ubingwa wa ligi. Katika misimu ya 2024 na 2025, nafasi tano zilikuwa za mabingwa watano wa ligi waliokuwa juu zaidi katika orodha hiyo, na saba zilizobaki zilijazwa kwa kufuata orodha. Katika mwaka wa kwanza wa utaratibu huu, nafasi nne za kuvuka raundi ya kwanza bila kucheza zilitengwa kwa mabingwa pekee, na hivyo Notre Dame isingeweza kuzipata hata ingeshinda mechi zote 12.

Kabla ya kamati kusema neno lolote, kuna orodha ya shirika la habari la AP, ambayo waandishi wamekuwa wakiipigia kura tangu 1936. Ya kwanza hutoka Agosti, kabla mpira haujachezwa. Kirasmi haina nafasi katika mtoano. Kiutendaji ina athari kubwa, kwa sababu ndiyo inayoamua ni ushindi gani wa Septemba utaitwa mkubwa na ni kipigo gani kitaitwa aibu. Timu iliyowekwa nafasi ya sita Agosti ikifungwa hushuka ngazi chache. Iliyowekwa nje ya 25 bora inapaswa kushinda kwa wiki kadhaa ndipo ionekane. Huu ni upungufu wa kweli wa mchezo huu, na timu yenye jina kubwa kama Notre Dame hunufaika nao kuliko kuumizwa.

Wachambuzi wanaotumia takwimu hukabili uchache wa ushahidi kwa njia nyingine. Kipimo cha SP+ cha Bill Connelly, kwa mfano, huanza msimu kwa makadirio yaliyojengwa juu ya mambo matatu: kiasi cha uzalishaji wa msimu uliopita kilichobaki kikosini, ubora wa vijana waliosajiliwa kutoka shule za sekondari, na mwenendo wa timu katika miaka ya karibuni. Matokeo ya msimu mpya huingizwa wiki baada ya wiki, na makadirio ya mwanzo hupungua uzito taratibu. Maana yake ni kwamba mwanzoni mwa Septemba kipimo bado kinaamini zaidi historia kuliko mechi iliyochezwa Jumamosi iliyopita. Mashabiki wengi hukerwa na jambo hilo. Ni utaratibu wa busara hata hivyo, kwa kuwa timu yenye vipaji vingi na kocha yuleyule haibadiliki kuwa dhaifu kwa saa tatu.

Kazi ya kukadiria imekuwa ngumu zaidi tangu wachezaji waruhusiwe kuhama chuo hadi chuo bila kukaa nje msimu mzima. Dirisha la uhamisho limefanya vikosi vingi kuwa vipya kila mwaka. Notre Dame ya 2024 ilimpata kwotabeki wake (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi), Riley Leonard, kutoka Duke, mpokea pasi Beaux Collins kutoka Clemson, na mpiga mateke Mitch Jeter kutoka South Carolina. Kocha mpya wa mashambulizi, Mike Denbrock, alitoka LSU, ambako mwaka uliotangulia kwotabeki wake Jayden Daniels alishinda tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Watu hawa hawakuwa wamecheza pamoja hata mechi moja. Leonard alikuwa pia anatoka kwenye upasuaji wa kifundo cha mguu na alikosa sehemu kubwa ya mazoezi ya majira ya kuchipua. Charles Jagusah, aliyetarajiwa kumlinda upande wa kushoto, aliumia kambini Agosti, na nafasi yake ikachukuliwa na Anthonie Knapp, kijana wa mwaka wa kwanza.

Hiyo ndiyo timu iliyokwenda College Station, Texas, tarehe 31 Agosti 2024 kufungua msimu dhidi ya Texas A&M mbele ya watu zaidi ya 107,000. Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, inatosha kujua kwamba kila timu ina wachezaji 11 uwanjani na hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10. Ikifanikiwa hupata mengine manne, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira eneo la mwisho ni tachidauni, yenye pointi sita na teke la nyongeza la pointi moja. Kuupiga kwa mguu katikati ya milingoti ni pointi tatu. Wanaume watano wanene wanaosimama mbele ya kwotabeki, wasiobeba mpira karibu kamwe, ndio wanaoamua kama hayo yote yatawezekana.

Watano wa Notre Dame usiku ule walikuwa na uzoefu mdogo sana wa kuanza mechi za kiwango hicho. Walistahimili. Mechi ilikuwa sare ya 13-13 katika robo ya mwisho, kisha timu ikatembeza mpira yadi 85, na Jeremiyah Love akamalizia kwa mbio za yadi 21 zikiwa zimebaki dakika 1 na sekunde 54. Ikaisha 23-13. Safu ya ulinzi iliyofundishwa na Al Golden ilimbana kwotabeki wa wenyeji kiasi kwamba alikamilisha pasi 12 tu kati ya 30. Notre Dame ikapanda hadi nafasi ya tano.

Wiki moja baadaye, tarehe 7 Septemba, Northern Illinois ilikuja South Bend. Ilikuwa moja ya zile mechi za kulipiana: chuo kikubwa humlipa mdogo, safari hii dola milioni 1.4, aje afungwe na arudi na fedha za kuendeshea idara yake ya michezo. Makampuni ya kamari yaliipa Notre Dame tofauti ya pointi 28. Hakuna timu ya ligi ya MAC, ligi ya Northern Illinois wakati ule, iliyokuwa imewahi kuifunga timu iliyomo ndani ya tano bora. Northern Illinois ilishinda 16-14. Antario Brown aliipatia tachidauni ya yadi 83 kutokana na pasi fupi, Leonard alinaswa pasi mbili, na Kanon Woodill akapiga teke la yadi 35 zikiwa zimebaki sekunde 31. Jeter alijaribu teke la yadi 62 mwishoni, likazuiwa. Lilikuwa la pili kuzuiwa siku hiyo.

Ni rahisi kuuita mchezo wa namna hiyo bahati mbaya, na katika mechi nyingi za tofauti ndogo bahati ina sehemu yake: mpira ulioponyoka mikononi huangukia upande wowote karibu kwa usawa, na teke la mwisho hupita au halipiti. Kwa Notre Dame siku ile, maelezo hayo hayatoshi. Northern Illinois ilipata yadi 388, Notre Dame 286. Wageni waliushikilia mpira, walikimbia nao, na waliwashinda wenyeji pale mbele ambapo mechi huamuliwa. Mchambuzi mkweli aliyetazama mechi ile alikuwa na sababu ya kuogopa. Notre Dame ilishuka hadi nafasi ya 18, na wengi wakakumbuka 2022, wakati Marcus Freeman, katika msimu wake wa kwanza kamili kama kocha mkuu, alifungwa nyumbani na Marshall 26-21 wiki moja baada ya kufungwa na Ohio State 21-10. Timu ile ya 2022 ilimaliza na ushindi tisa na vipigo vinne.

Swali la maana katika wiki ya tatu ya Septemba lilikuwa kama mechi hiyo ilifichua timu halisi au ilikuwa siku moja mbovu ya timu nzuri. Historia inatoa mifano ya pande zote mbili. Ohio State ilifungwa nyumbani na Virginia Tech 35-21 tarehe 6 Septemba 2014, katika mechi ya pili tu ya kwotabeki J.T. Barrett, aliyeingizwa baada ya Braxton Miller kuumia Agosti. Haikupoteza tena, na ikatwaa taji la kwanza la mtoano wa timu nne. Virginia Tech yenyewe ilikuwa imeanza 2010 kwa kufungwa na Boise State 33-30, kisha ikafungwa na James Madison, chuo cha daraja la chini, 21-16. Ikashinda 11 mfululizo na ubingwa wa ACC.

Upande wa pili yupo Florida State, na mfano huu ni wa mwaka uleule wa 2024. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeshinda mechi 13 kabla ya kupoteza ya mwisho, na AP iliiweka ya kumi kabla ya msimu. Tarehe 24 Agosti ilifungwa na Georgia Tech 24-21 huko Dublin, kwa teke la dakika ya mwisho. Wengi walisema ni pointi tatu tu, ugenini ng'ambo ya bahari, na kwotabeki mpya aliyehamia. Boston College ikaifunga 28-13, Memphis 20-12. Florida State ilimaliza na ushindi mara mbili na vipigo kumi. Waliosubiri iamke walisubiri mpaka Novemba, ambapo Notre Dame iliifunga 52-3.

Ukiyatazama matokeo pekee, kipigo cha Florida State huko Dublin kilikuwa cha heshima zaidi kuliko cha Notre Dame mbele ya Northern Illinois. Tofauti ilikuwa ndani ya mechi na katika zilizofuata. Georgia Tech ilikimbia na mpira kwa nguvu katikati ya ulinzi wa Florida State, na Boston College ikarudia hivyohivyo wiki iliyofuata. Udhaifu wa mbele ulikuwa wa kila siku, wala haukuwa wa mechi moja. Notre Dame ilikuwa na ushahidi mkubwa wa kinyume chake kutoka Texas, dhidi ya mpinzani mwenye nguvu kuliko Northern Illinois, kwa wachezaji walewale. Ulinzi ambao haukumruhusu mpinzani kama Texas A&M kuvuka pointi 13 nyumbani kwake haukuwa wa kubahatisha, na hata siku ya kipigo uliruhusu pointi 16 tu. Kilichokuwa kibovu kilikuwa sehemu moja inayojulikana: mashambulizi mapya, yenye kwotabeki aliyekosa mazoezi na wazuiaji wachanga. Sehemu kama hiyo hurekebishika kwa wiki. Udhaifu wa nguvu na idadi pale mbele hurekebishika kwa misimu.

Hapa ndipo jicho la mtazamaji wa Septemba linapaswa kukaa. Idadi ya pointi hudanganya kuliko yadi kwa kila jaribio. Yadi kwa kila jaribio hudanganya kuliko namna wazuiaji wa mbele wanavyosukuma au kusukumwa. Halafu kuna ratiba ya marekebisho yenyewe: kocha mwenye busara hupunguza kitabu chake cha mbinu anapoona kwotabeki wake anababaika. Denbrock alifanya hivyo. Wiki iliyofuata huko Purdue, Leonard alifunga tachidauni tatu kwa kukimbia, Notre Dame ikashinda 66-7, kipigo kibaya kuliko vyote katika historia ya Purdue. Pasi yake ya kwanza ya tachidauni kwa Notre Dame haikuja mpaka mechi ya nne, dhidi ya Miami ya Ohio. Timu iligeuka kuwa ya mbio na ulinzi, ikiiachia pasi ikue taratibu.

Kisha ikaja Louisville, iliyofungwa 31-24, Georgia Tech 31-13, Navy 51-14, Army 49-14, na USC 49-35 huko Los Angeles. Northern Illinois ilifungwa na Buffalo katika mechi iliyofuata baada ya ushindi wake mkubwa, na ikamaliza msimu na vipigo vitano. Kwa vigezo vyote, kipigo cha Notre Dame mbele yake kilikuwa kibaya kuliko cha timu nyingine yoyote ya juu mwaka ule. Hata hivyo kilikuwa kimoja. Kamati iliiweka Notre Dame nafasi ya tano kwa rekodi ya ushindi 11 na kipigo 1, ingawa katika mpangilio wa mtoano ilisukumwa hadi namba saba kutokana na kanuni ya mabingwa. Iliifunga Indiana 27-17, mechi ambayo Love alikimbia yadi 98 kufunga. Ikaifunga Georgia 23-10. Ikaifunga Penn State 27-24 kwa teke la yadi 41 la Mitch Jeter yuleyule zikiwa zimebaki sekunde saba. Fainali ya tarehe 20 Januari 2025 huko Atlanta ilikwenda kwa Ohio State, 34-23.

Msimu wa 2025 ulianza kwa matumaini makubwa zaidi na ratiba mbaya zaidi. Notre Dame iliwekwa nafasi ya sita. Leonard alikuwa ameondoka, na nafasi yake ilichukuliwa na CJ Carr, mjukuu wa Lloyd Carr, kocha aliyeipa Michigan taji la 1997. Golden alikuwa amekwenda kufundisha ulinzi wa Cincinnati Bengals, na Chris Ash akashika nafasi yake. Wapinzani wawili wakali kuliko wote wa mwaka walikuwa wa kwanza na wa pili: Miami ugenini tarehe 31 Agosti, Texas A&M nyumbani tarehe 13 Septemba.

Ratiba ya namna hii ni kosa la mipango kwa timu yenye kwotabeki asiyewahi kuanza mechi ya chuo na kocha mpya wa ulinzi, na ndilo jambo ambalo timu huru inaweza kulaumiwa zaidi, kwa kuwa haipangiwi ratiba na ligi yoyote. Mikataba ya mechi husainiwa miaka mingi kabla na hakuna anayejua atakuwa na kikosi gani. Lakini kuziweka mechi ngumu zote kabla ya katikati ya Septemba ni kuifanya timu itahiniwe kabla haijasoma.

Huko Miami Gardens, Carr alicheza vizuri kuliko ilivyotarajiwa, akasawazisha 24-24, na Miami ikashinda 27-24 kwa teke la yadi 47 la Carter Davis zikiwa zimebaki sekunde 64. Kilichostahili kukosolewa ni kwamba Love, mchezaji bora wa timu, alipewa mpira wa kukimbia mara kumi tu. Dhidi ya Texas A&M kosa hilo lilirekebishwa, na jingine likajitokeza: ulinzi wa nyuma, uliokosa mchango wa Leonard Moore aliyekuwa majeruhi, uliachia pasi ndefu mechi nzima. Love alifunga zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu na kuifanya 40-34. Teke la nyongeza, jambo ambalo timu hulifanya bila kufikiri, liliharibika kwa kuwa mpira haukushikwa vizuri ulipotua. Katika jaribio la nne, zikiwa zimebaki sekunde 13, Marcel Reed alimpasia Nate Boerkircher tachidauni, na teke la nyongeza la Texas A&M likapita. 41-40.

Baada ya mechi mbili bila ushindi, AP iliiweka Notre Dame nafasi ya 24. Aliyepima ubora alikuwa na sababu nzuri za kuitetea: mashambulizi yalifunga pointi 64 dhidi ya timu mbili zenye nguvu, Carr alikuwa ameonyesha ukomavu, na ulinzi ulikuwa na vipaji vilivyokosa mpangilio tu. Utetezi huo ulithibitika. Notre Dame iliifunga Arkansas 56-13, Boise State 28-7, USC 34-24, Pittsburgh 37-15, Syracuse 70-7. Ilishinda kumi mfululizo, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyoisha kwa tofauti ya chini ya pointi 10. Love alimaliza wa tatu katika kura ya Heisman. Kufikia Novemba ilikuwa vigumu kutaja timu sita zilizokuwa bora kuliko hiyo.

Rekodi ilisema jambo jingine. Orodha ya kwanza ya kamati, mapema Novemba, iliiweka Notre Dame ya 10 na Miami ya 18, kwa sababu Miami ilikuwa imeshafungwa na Louisville na SMU. Kwa wiki zote zilizofuata, kipigo cha Agosti hakikutajwa kuwa na uzito, kwa maelezo kwamba timu hizo mbili hazikuwa karibu kiasi cha kulinganishwa ana kwa ana. Miami ilipanda hatua kwa hatua. Wikiendi ya mabingwa wa ligi, BYU ilifungwa na Texas Tech na kushuka, na ghafla Notre Dame na Miami zikawa jirani, zote zikiwa na ushindi 10 na vipigo 2. Tarehe 7 Desemba kamati iliiweka Miami ya 10 na Notre Dame ya 11. Alabama, iliyokuwa imefungwa na Georgia 28-7 siku moja kabla, ilibaki ya tisa. Kwa kuwa mabingwa wawili wa ligi ndogo, Tulane na James Madison, walikuwa na nafasi zao za lazima, wa 11 hakuwa na pa kuingilia. Notre Dame ikatangaza kwamba haitacheza mchezo wowote wa baada ya msimu.

Uamuzi wenyewe ulikuwa wa haki. Namna ulivyofikiwa haikuwa. Miami na Notre Dame walikutana uwanjani na Miami akashinda, na timu mbili zenye rekodi sawa haziwezi kutenganishwa kwa kigezo kilicho wazi kuliko hicho. Kuificha hoja hiyo wiki tano na kuitoa siku ya mwisho, wakati timu zote mbili hazikucheza wikiendi hiyo, ni kuwanyima wachezaji taarifa waliyostahili kuwa nayo mapema. Mtoano wenyewe uliipa Miami heshima yake: iliifunga Texas A&M 10-3 katika raundi ya kwanza na ikaenda mpaka fainali, ambako Indiana ilishinda 27-21. Vipigo vyote viwili vya Notre Dame, kwa maneno mengine, vilitoka kwa timu zilizoingia 12 bora.

Ukiiweka misimu hii miwili pamoja, kamati ilisamehe kipigo kibaya kimoja na haikusamehe vipigo vizuri viwili. Ndivyo hesabu ya mechi 12 inavyofanya kazi kwa timu isiyo na ligi: idadi hutangulia, ubora wa aliyekufunga hufuata kwa mbali. Kwa mtazamaji wa Septemba maana yake ni kwamba Notre Dame yenye kipigo kimoja, hata cha aibu, bado ina njia yake mikononi mwake. Yenye viwili inategemea Louisville imfunge nani, BYU ipoteze lini, na watu kumi na wachache watakavyofikiri katika chumba cha mkutano.

Kanuni hiyo inabadilika. Kuanzia msimu wa 2026, makubaliano ya uendeshaji wa mtoano yanaihakikishia Notre Dame nafasi endapo itakuwa ndani ya 12 bora katika orodha ya mwisho ya kamati. Kwa kigezo hicho, timu ya 2025, ikiwa ya 11, ingeingia. Kwa hiyo vipigo viwili vya Septemba havitakuwa tena hukumu ya kufungiwa nje. Vitaendelea kugharimu mahali pa kuchezea: timu za nafasi ya tano hadi ya nane huandaa mechi za raundi ya kwanza nyumbani, kama Notre Dame ilivyofanya dhidi ya Indiana Desemba 2024, na zilizo chini yake husafiri. Msimu huo wa 2026 Notre Dame imepangiwa kuuanza dhidi ya Wisconsin kwenye uwanja wa Lambeau Field mjini Green Bay, mechi ngumu ya ufunguzi, lakini safari hii bila mpinzani wa kiwango cha Miami na mwingine wa kiwango cha Texas A&M kusimama mlangoni kwa pamoja.